Beringi ya Gurudumu la Kulia

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Nimekata vyuma vya grili tangu asubuhi. Ni za mama mmoja wa Nyayo Highrise ambaye kila siku anabadilisha maua anayotaka katikati. Leo anataka jua. Juzi alitaka tausi.

Saa nne Kilonzo akaingia bandani. Ni binamu yangu, anakaa Kawangware, kondakta wa basi la Machakos. Kazi yake nyingine ni kunibebea shida kutoka nyumbani. Leo ameleta furushi la gunia na barua ya Mama.

Kwenye gunia kuna beringi, ya gurudumu la mbele la kulia la trekta ya mwethya, kikundi cha kina mama cha kusaidiana kazi kijijini. Kina mama wa kikundi walisuka vyondo na kuuza maharagwe miaka mingi wakanunua hiyo trekta kuukuu, kila mmoja alimiwe kwa zamu. Mama ndiye mwenyekiti. Sasa gurudumu linayumba kama mlevi na Mzee Nthenge, dereva wao, amekataa kuligusa. Mvua iko karibu. Hakuna shamba hata moja lililolimwa.

Mama ameandika: "Nimewaambia wanawake wasiwe na wasiwasi, mwanangu ni fundi Nairobi."

Sawa. Mimi ni fundi wa grili na masanduku ya shule. Lakini ukiwa Nairobi unadhaniwa una kila kitu mfukoni. Nimekasirika na bado nitaenda. Wakikosa kulima kabla ya mvua, hakuna mahindi mwaka huu, na jina litakalotajwa ni la Mama.

Jumanne, 8 Oktoba

Hiyo beringi ilikuwa aibu. Kutu, grisi iliyoganda, imeungua ikawa ya buluu. Nitaingiaje duka la watu na kitu kama hicho? Wataniona mshamba kabla sijafungua mdomo.

Nimeiloweka kwenye mafuta ya taa. Nikaipiga brashi ya waya, kisha grainda polepole, kisha msasa. Kwenye uso wake kulikuwa na mikwaruzo kama kuku amepita. Nimeitoa yote. Saa nane ilikuwa inang'aa, unaweza kujinyolea ndevu ukiitazama.

Ouma, jirani yangu wa banda, yule wa kuchomelea mikokoteni, akauliza naiuza wapi. Nikamwambia kitu kikitoka hapa hutoka kimeoga. Akacheka.

Nimejisikia vizuri kidogo.

Jumatano, 9 Oktoba

Siku ya kipuuzi kabisa.

Nimetembea kutoka bandani kwangu Laini Saba, nikapita Olympic, nikavuka Ngong Road mpaka Kawangware. Huko ndiko kuna tawi la lile duka kubwa la wakulima. Lina matawi kila mji wenye ng'ombe. Ukutani wameandika kwa rangi ya kijani: MKULIMA, KARIBU NYUMBANI.

Nyumbani! Soja wa mlangoni alinipekua mpaka soksi.

Ndani kuna kila kitu. Minyororo, ndoo za maziwa, matairi marefu kuliko mimi, plau nyekundu zilizopangwa kama viti vya harusi. Kaunta ya speya iko nyuma kabisa. Nikasubiri. Karani ni mtu mwembamba, miwani, kalamu sikioni. Nikaweka beringi mbele yake. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Namba?"

"Namba gani?"

"Ya beringi. Kila beringi huwa na namba."

"Yetu haina."

Akaniangalia juu ya miwani, ule mtazamo wa mwalimu kwa mtoto aliyesema daftari limeliwa na mbuzi. Hapo damu ilianza kunichemka. Kisha akaingia mzee mmoja na kofia pana na funguo za Land Rover, na yule karani akaniacha hapo hapo kwenda kumwamkia. Nikasimama kama kibao cha tangazo. Aliporudi akasema itabidi ipimwe, na mwenye kipimo yuko Industrial Area, nije kesho.

Haikuishia hapo. Wakati wa kutoka soja yule yule, kama hakuwahi kunipekua, akanishika mkono. "Hii mali mpya umetoa wapi? Risiti iko wapi?" Nikamwambia ni yangu, nimekuja nayo. "Mpya hivi?" Watu wakaanza kukusanyika. Mtu mzima, na aproni yangu, nimeshikwa kama mwizi wa kuku. Ilibidi karani aje mwenyewe aseme ndiyo, aliingia nayo.

Sikumshukuru.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimetembea tena mpaka Kawangware. Limefungwa. Sikukuu.

Karani alisema "kesho". Alijua. Lazima alijua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wameipima na kile kipimo cha chuma cha kubana. Karani akafungua kitabu kinene, akasugua kidevu, akasema inalingana na mbili, labda tatu. Akaniuliza tena trekta ni ya mwaka gani. Mimi nitajuaje? Trekta ilinunuliwa kwa mzungu aliyenunua kwa mzungu mwingine. Akasema bila namba anakisia tu. Nikamwambia akisie vizuri, ndiyo kazi yake.

Akatoa moja kwenye boksi. Nzuri, nzito, imefungwa kwa karatasi ya mafuta. Nimempelekea Kilonzo stendi pamoja na ile ya zamani, Mzee Nthenge alinganishe.

Imekwisha. Nimerudi kwa jua la Mama Highrise.

Jumatatu, 14 Oktoba

Hakuna habari. Nasubiri sifa zangu. Nimepinda chuma vibaya mara mbili.

Jumatano, 16 Oktoba

Si yenyewe!

Kilonzo ameirudisha, zote mbili, kwenye gunia lile lile. Mzee Nthenge anasema inaingia lakini inacheza. Ukiendesha nayo gurudumu litang'oka katikati ya shamba na kuua mtu. Siku tisa zimepotea. Kilonzo anasema huko nyumbani mawingu yameanza kujikusanya jioni.

Nimetupa nyundo. Imetoboa bati la Ouma. Nimemwomba radhi Ouma, hilo tu ndilo nimefanya sawasawa leo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo nimewaonyesha.

Niliingia na boksi mkononi, sikusubiri foleni. Karani akanionyesha kibao: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwambia hicho kibao akakisome kanisani. Nikamwita mwizi. Nikamwita muuza mawe. Nikasema duka linakula jasho la akina mama wajane, na hapo nilizidisha kidogo maana si wote wajane, lakini nilikuwa nimeshapanda na kushuka sikujua. Watu waliacha kununua dawa ya kupe wakaja kusikiliza.

Karani hakupandisha sauti hata mara moja. Alikuwa amekunjamana usoni, mikono juu ya kaunta. "Brathe, mimi nilikuuliza namba." Hilo ndilo lilinimaliza. Nikapiga kaunta ngumi, kalamu zikaruka.

Meneja akatoka ofisini. Alichotaka ni ninyamaze tu. Akaagiza nibadilishiwe na ile ya pili kwenye kitabu, ndogo kidogo. Halafu akamgeukia karani, akamwita kwa jina mbele yetu sote: "Wanyama, ukiniletea shida kama hii tena utaenda kuuza chumvi ya ng'ombe." Kisha soja akanisindikiza nje kwa bega na kuniambia nisionekane tena hapo.

Nilitoka nimeshinda. Nimetembea mpaka Laini Saba bila kuhisi miguu. Beringi ya pili imeondoka na Kilonzo.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya kanisa nilipanga foleni kwenye kibanda cha simu Olympic, nikapiga duka moja la sokoni Masii, kwetu nyumbani. Wakamwita Mama.

Ya pili haiingii kabisa. Ndogo.

Kina mama wameacha kungoja. Wamerudi kwenye majembe, wanalima kwa mkono, shamba moja baada ya jingine, kama zamani kabla ya trekta. Mama ana miaka sitini na goti bovu.

Alisema polepole, "Hilo duka lina watu wabaya, eh?"

Nikasema ndiyo, Mama, wabaya sana, hasa karani mmoja. Nikamweleza kila kitu: soja, Land Rover, kibao. Nilieleza mpaka sarafu zikaisha na simu ikakatika.

Nawachukia wale watu. Naandika ili nisiende kuvunja kioo.

Jumanne, 22 Oktoba

Kilonzo ameleta beringi ya pili leo asubuhi. Ouma akaiomba aione. Anapenda kuchezea vyuma vya watu. Akaipangusa grisi kwa kidole gumba, akaiinua kwenye mwanga.

"Omera, ndugu yangu, si hii ndiyo namba?"

Kwenye uso, zimegongwa ndogo ndogo: tarakimu, herufi, tarakimu tena. Ukitazama kwa mbali ni mikwaruzo tu.

"Yenu ilikuwa na hii?"

Nilikwenda kwenye gunia nikatoa ya kwetu. Inang'aa. Uso laini kama sahani. Hakuna kitu. Nimeufuta mimi. Kwa grainda, kwa msasa, siku nzima, nikijisifu. Na si namba tu: nilivyosugua, nimekula na chuma. Walipima kitu ambacho mimi mwenyewe nimekipunguza. Yule karani Wanyama angekuwa malaika bado angekosea.

Kuku amepita! Mpumbavu mimi. Miaka kumi na mbili kwenye chuma na sijui kusoma uso wa beringi. Sina wa kumpigia kelele. Nimepiga kelele hivyo hivyo, mpaka Ouma akatoka nje kuniachia nafasi.

Wiki mbili nimekuwa na hasira na dunia nzima isipokuwa mtu mmoja.

Jumatano, 23 Oktoba

Soja hakunifungulia. Alikuwa na haki. Nimekaa ng'ambo ya barabara juu ya jiwe tangu saa tatu. Saa saba Wanyama akatoka kwenda kula. Nikamfuata mpaka kibanda cha githeri. Aliponiona akaweka kijiko chini akashika kiti, kama mtu anayetaka kujua kitu cha kujikinga nacho kiko wapi. Aibu ya hapo sitaisahau.

Nikaweka ile beringi mezani. Nikasema, "Ilikuwa na namba. Nimeifuta mimi. Nilikuwa naisafisha."

Akaitazama muda mrefu. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Si nilishangaa," akasema. "Nilisema huyu mtu ameniletea kijiko cha harusi."

Kisha akauliza, anatafuna, bila ubaya wowote: "Na ile ya gurudumu la kushoto mmeifungua?"

"Ya kushoto ni nzima."

"Ndiyo. Lakini ni pacha. Kushoto na kulia ni namba moja."

Yeye akaendelea na githeri yake bila kunitazama, nafikiri kwa heshima. Kisha akaninunulia chai. Mtu niliyemwita mwizi mbele ya watu wote ameninunulia chai, na nimeinywa, na ilikuwa tamu, na hilo nalo limeniudhi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimempigia Mama. Nikamwambia Mzee Nthenge afungue gurudumu la kushoto, aandike namba iliyo kwenye uso wa beringi, ampe Kilonzo. Sikueleza kwa nini. Nilikuwa nimepanga kueleza. Mdomo ulikataa.

Mama akasema, "Sawa, mwanangu." Hakuuliza chochote.

Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Namba imefika kwenye kipande cha karatasi ya unga, mwandiko wa Mama. Nikaenda mbio. Wanyama alikuwa amezungumza na soja, nikaingia kama mtu.

Akafungua kitabu. Dakika moja tu. "Hii hapa." Halafu: hapa haipo. Tawi la Thika wanayo, italetwa na gari lao Jumatatu.

Zamani ningepiga kaunta. Leo nilishika mikono yangu nyuma. Nje matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, yakanuka vumbi. Kama hapa inanyesha, nyumbani je?

Jumatatu, 28 Oktoba

Gari la Thika limefika saa tisa. Wanyama aliniwekea boksi chini ya kaunta asilichukue mwingine. Nikasoma namba mara tatu kwa sauti. Ni yenyewe.

Kilonzo ameondoka nayo kwa basi la mwisho. Mvua imepiga Laini Saba mchana kutwa, maji yamepita katikati ya banda. Nimesimama juu ya sanduku nikiyalaani.

Jumapili, 3 Novemba

Trekta inatembea. Imelima mashamba tisa tangu Jumatano. Mengine kina mama walishayamaliza kwa mkono. Kilonzo anasema wamepanda, watu wanacheka.

Kisha akanipa habari nyingine, naye anadhani ni ya kunifurahisha. Jumapili iliyopita kina mama walisimama kanisani wakamwombea yule karani mbaya wa duka, Mungu aulainishe moyo wake aache kudhulumu wakulima. Waliomba wakiwa wamefumba macho, wengine wakilia. Na mimi nikashukuriwa kwa uvumilivu.

Kilonzo alicheka peke yake. Nilimwambia aende zake.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemlazimisha Kilonzo aseme. Nilimwona anazungukazunguka tangu aingie, anagusa vyuma, hakai.

Shamba la Mama halijalimwa.

Lile la bondeni, la udongo mweusi. Udongo ule ukilowa trekta inazama mpaka tumboni. Mama alipaswa kuwa wa kwanza kwenye orodha, kwa uenyekiti. Alijihamisha akawa wa mwisho. Akawaambia kina mama goti linamsumbua, hana haraka. Zamu yake ilipofika bonde lilikuwa uji.

"Kwa nini?" nikauliza.

Kilonzo akatazama chini, akanieleza. Mzee Nthenge alipopokea ile beringi ya zamani, mara ya kwanza kabisa, aliigeuza akacheka, akamwambia Mama: huyu kijana wako amefuta namba, huko Nairobi watampa yoyote. Mama akamwomba asimwambie mtu. Kwamba ya kushoto ni pacha, hata Mzee Nthenge hakujua. Siku hiyo hiyo akatoa jina lake juu ya orodha akaliweka chini.

Kwa hiyo alijua, na zamu yake aliitoa kulipia kosa langu. Kwenye simu ile ya Olympic, aliponiuliza kama duka lina watu wabaya, alikuwa anajua tayari. Alikuwa ananifungulia mlango, na mimi nikasimama nje nikimsema Wanyama mpaka sarafu zikaisha.

Nimekasirika kuliko siku zote za mwezi huu. Si hasira ya kelele. Nimemwambia Ouma aziangalie grili zangu wiki moja. Nimemwambia Mama Highrise jua lake litasubiri, akafoka, nikamwacha afoke.

Jumapili, 17 Novemba

Laini Saba. Nimerudi leo mchana.

Nimelima bondeni siku sita kwa jembe. Udongo unashika kama gundi, ukiinua jembe unainua na shamba. Siku mbili za kwanza nilikuwa peke yangu. Kuanzia ya tatu Mama alipanda nyuma yangu, mashimo mawili mawili, bila maneno mengi.

Jana ilikuwa siku ya mkutano wa mwethya. Nilisimama. Nikawaambia beringi ilikuwa na namba na ni mimi niliyeifuta. Nikawaambia karani wa dukani anaitwa Wanyama, aliniuliza namba siku ya kwanza, mimi nikamtukana mbele ya watu, na aliponiona tena aliniagizia chai.

Mama mmoja wa nyuma akasema, basi tumemsingizia mtu wa watu mbele za Mungu. Wakasimama wakaomba upya, wakimtaja kwa jina, polepole, wasikosee. Mimi hawakuniombea. Waliniwekea faini ya kutengeneza mlango wa ghala lao, na nimekubali.

Jioni mikono yangu haikufunga wala kufunguka. Malengelenge yalikuwa yamepasuka. Mama alileta karai la maji ya vuguvugu na chumvi, akaliweka chini kati yetu. Hakutaja duka, hakutaja simu. Aliishika mikono yangu akaiingiza majini yeye mwenyewe, akakaa ameishikilia mpaka maji yakapoa.